Shahidi wa Upande Wangu

Pikipiki yangu iligongwa saa nane mchana, imeegeshwa mlangoni kwangu, na watu wasiopungua saba wakiangalia. Mimi nilikuwa ndani, hatua nne kutoka hapo, nimejilaza na redio yangu. Hakuna aliyebisha hodi. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, kabla hata sijaiona taa iliyovunjika.

Ilikuwa mtaani Nkoma, mjini Mbale, kwenye safu ya vyumba vya kupanga ambako nilikuwa nimekaa miaka minne. Mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa anahama. Pikapu iliyokuja kumbebea vitu iliingia uani kinyumenyume, ikaikandamiza pikipiki yangu ukutani. Kishindo nilikisikia, nikadhani wameangusha kabati. Baada ya nusu saa nilitoka na ndoo kwenda bombani, nikaikuta pikipiki imelala ubavu, petroli inavuja mchangani, nao wanapakia godoro kama hakuna kilichotokea.

"Nani amefanya hii?" nikauliza, na sikuuliza kwa upole.

"Ni mimi, afande," akasema dereva wa pikapu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu. "Lakini hii piki ilikuwa nasimama mbaya. Hapa ni njia ya gari."

Mimi si afande. Babu yangu ndiye aliyekuwa askari, na kutoka kwake tulirithi Kiswahili nyumbani kwetu Mafubira, kule Jinja. Lakini Mbale, mtu mwenye kifua kipana akikusalimia kwa Kiswahili, basi ni mwanajeshi, au alikuwa, au ametumwa. Watu humwita afande kwa adabu zote, kisha humwacha peke yake. Mwanzoni nilifurahia. Jina hilo lilinipunguzia wakopaji na wambea. Nikajificha ndani ya jina hilo miaka minne, kwa hiyo siwezi kuwatupia wengine lawama yote.

Kazi yangu ilikuwa kupima magunia ya mahindi katika ghala moja huko Industrial Division, eneo la viwanda. Kutwa nzima nilikuwa na mizani, na mizani haitaki mazungumzo. Kila Jumamosi ya pili nilipanda pikipiki hiyo hadi Mafubira kwa kaka yangu, nikala, nikacheka, nikalala sebuleni kwake, na Jumapili jioni nikarudi. Huko ndiko nilikoishi. Mbale nilikuwa nafanya kazi tu. Sasa fundi alipoinamia pikipiki na kuniambia kwamba foku za gurudumu la mbele zimepinda, tanki limebonyea, na taa, indiketa na usukani ni vya kununua upya, mimi nilichosikia ni kwamba Jumamosi zangu zimevunjika.

"Laki tatu na themanini," akasema fundi.

Nikamwuliza kama humo amenihesabia na bati za nyumba yake. Hakucheka. Akaandika bei zote kwenye karatasi, akapiga mhuri.

Dereva alikataa kulipa hata senti. Nikapiga kelele kwamba ninakwenda polisi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua pale uani akaniambia, bila kuinua macho, kwamba polisi wenyewe watanirudisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Alisema kweli. Kwetu huku neno lolote huanzia kwa mwenyekiti, na mengi huishia hapo. Nikamwendea, akanisikiliza, akapanga siku.

"Jumapili, saa tisa," akasema. "Kuja na watu yako."

"Watu wa nini?"

"Watu. Ya kukaa upande yako."

Nikampigia simu kaka yangu. Alikuwa na harusi ya jirani Jumapili hiyo, na yeye ndiye msimamizi wa chakula. "Chukua watu wa hapo hapo," akasema. "Kwani huna mtu huko?" Nikamwambia ninao, wengi tu, nikakata simu nikiwa nimemkasirikia bure. Mwenzangu wa kwenye mizani aliniambia Jumapili ana kanisa. Nikamkumbusha kwamba kikao ni saa tisa alasiri. Akasema kanisa lao ni refu. Anayetukusanyia kodi ya nyumba akasema yeye haingii katika mambo ya wapangaji. Baada ya hapo nilikaa kitandani nikatafuta mtu wa nne wa kumwomba, na sikumpata.

Kwa hiyo Jumapili nilikwenda peke yangu. Nilichukua karatasi ya fundi na picha sita kwenye simu, nikajiambia kwamba ushahidi ni ushahidi. Uani kwa mwenyekiti viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa safu mbili zinazotazamana. Dereva alikuja na mkewe, mjomba wake, mama yake, wenzake watatu wa pikapu, na wanaume wawili wa safu yangu mwenyewe ya vyumba, watu ninaochota nao maji bomba moja. Kwangu kulikuwa na mimi na viti vitano vitupu.

Mwenyekiti alisubiri kidogo, akaangalia njia.

"Afande, watu yako iko njiani?"

"Niko peke yangu, mwenyekiti. Lakini nina picha."

Kuna mtu alicheka. Mwenyekiti akakifunga kitabu chake.

"Sikiliza, bwana. Mimi naandika karatasi. Huyu natia sahihi, mtu yake natia sahihi. Wewe natia sahihi, halafu nani? Siku huyu nakataa kulipa, nani nakwenda kwake kumwuliza? Picha?"

Akaendelea, na hakuwa na hasira hata kidogo, jambo lililofanya iwe vibaya zaidi.

"Wewe nakaa hapa miaka ine. Tumezika mzee wa kule kwa bomba. Ulikuwa wapi?"

"Jinja."

"Tumezika mtoto wa jirani yako. Hapo, ukuta kwa ukuta na wewe. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa chumbani. Nilikisikia kilio usiku kucha kupitia ukutani, na asubuhi walipoanza kufunga turubai nilipandisha sauti ya redio, nikanyoa ndevu, nikaenda kazini. Nilijiambia hawanijui na hawanihitaji. Maziko yangu yote nilikuwa nayawekea akiba kwa ajili ya Jinja. Nauli, mchango, machozi, vyote vya Jinja. Uani pale nilielewa kwamba wale watu wanane walikuwa na hesabu yao, wala haikuwa ya pikipiki. Nilitaka kuinuka niondoke, nimwachie dereva laki zake.

Ndipo mama wa dereva aliposimama. Alikuwa mwanamke wa Kinubi, kama miaka sabini, mwembamba, amejitanda leso ya njano. Alikishika kiti chake cha plastiki mgongoni, akakiburuta kuvuka ua mpaka upande wangu, akakaa kando yangu, akatengeneza leso yake.

"Mama, unakwenda wapi?" mwanawe akauliza.

"Nakaa hapa. Huyu hana mtu."

"Lakini mimi ni mtoto yako!"

"Ndiyo. Na una watu saba. Inatosha." Akamgeukia kabisa. "Piki yake uligonga, hukugonga?"

"Niligonga, mama, lakini..."

"Lakini ni ya nini? Hiyo piki ilikuwa natembea? Ilikuja kukugonga wewe?"

Hata mwenyekiti alicheka. Mama akaomba karatasi ya fundi, akamwambia mwenyekiti aisome kwa sauti, kitu kimoja kimoja, na kwa kila kitu akamwuliza mwanawe: hiki kilivunjika, hakikuvunjika? Mwanawe akawa anajibu akiangalia viatu vyake. Mjomba alijaribu kusema wagawane nusu kwa nusu. Mama akamwuliza kama na yeye alikuwa kwenye usukani. Mwisho wakakubaliana: themanini papo hapo, na laki moja kila Ijumaa kwa Ijumaa tatu. Mwenyekiti aliandika, mimi nikatia sahihi, na chini ya jina langu, mahali pa shahidi wa upande wangu, mama akabonyeza kidole gumba chenye wino.

Nilitaka kulia, nami nasema wazi kwamba nilitaka. Nikajifanya nasafisha kioo cha simu.

Kwa desturi ya huko, pesa haitoki kwa mdaiwa kwenda kwa mdai. Hupitia kwa shahidi, ili aione kwa macho yake na asije mtu akaruka maneno baadaye. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza, watu walipotoka msikitini, mama alikuja kwa miguu hadi mlangoni kwangu na laki moja ndani ya kitambaa. Nikahesabu mbele yake. Nikamkaribisha chai, akasema siku nyingine.

Ijumaa ya pili alikaa. Nilikuwa na sinia ya mchele ninauchagua, akaichukua kutoka mikononi mwangu bila kuuliza, akaanza kutoa mawe.

"Unampikia nani?"

"Mwenyewe, mama."

"Eh," akasema, akaendelea kuchagua.

Nikaanza kuongea. Sijui nilishikwa na nini. Nilimweleza habari za ghala na mizani, na za babu yangu aliyekuwa anakunja shuka kijeshi hata alipokuwa haoni tena. Nikamweleza na ndoa yangu iliyovunjika Jinja, ambayo kaka yangu mwenyewe hajawahi kuisikia yote. Mama alisema "eh" mahali palipostahili na mawe aliyatupa nje. Alipoondoka mchele ulikuwa safi na koo lilinikauka kama la mnadi wa sokoni.

Wiki iliyofuata pikipiki ilitoka kwa fundi, na ilikuwa nzima, labda nzuri kuliko mwanzo. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi hadi Alhamisi, nikakumbuka kwamba kesho ndiyo Ijumaa ya mwisho.

Mama akaja. Noti tano za elfu ishirini, mpya, zimekunjwa vizuri. Nilizihesabu, zikatimia. Nikazihesabu tena. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema:

"Mama, imepungua elfu ishirini."

Nilikuwa nimeshaipanga hesabu yangu ya kijinga: atasema basi, nitaileta Ijumaa ijayo, na Ijumaa ijayo atakuja. Hakusema hivyo. Alinitazama kidogo, akafungua fundo kwenye ncha ya leso yake, akatoa pesa zake mwenyewe, noti za elfu moja na elfu mbili zilizochakaa, na sarafu. Akazipanga juu ya kigoda polepole mpaka zikafika elfu ishirini.

"Isije ikasemwa nilikaa upande yako nikakula pesa yako," akasema.

Akaondoka. Chai nilikuwa nimeshaimimina. Nimewahi kufanya mambo mabaya zaidi ya hilo maishani, lakini hakuna lililonifanya nijichukie hivyo. Zile noti zilinuka karafuu na mafuta ya taa, na nilishindwa hata kuziinua kutoka kwenye kigoda.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi yangu ya Jinja. Pikipiki ilikuwa nzima na barabara kavu. Kaka alikuwa amepiga simu tangu alfajiri kusema kuna samaki. Nikawasha pikipiki, nikaelekea upande mwingine, nikauliza njia mara tatu. Kila niliyemwuliza alimfahamu yule mama, na kila mmoja alinitazama akijiuliza afande anamtakia nini.

Alikuwa nje ya mlango wake, amekaa mkekani, anakata mboga ya sukuma. Nilisimama na kofia ya pikipiki mkononi.

"Mama, jana nilikosea kuhesabu. Hii ni yako."

Alizichukua pesa, akazifunga penye fundo bila kuzihesabu.

"Hukukosea," akasema. "Ulihesabu mara mbili. Nilikuwa nakuona."

Ningeweza kusema macho yangu yamekuwa mabovu. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo njiani. Nikaangalia visahani vyake vilivyoanikwa, na kuku mmoja aliyekuwa anazunguka zunguka, na mwishowe nikasema, "Nilitaka urudi."

"Kwa elfu ishirini?"

Akaendelea kukata sukuma, kisu kinalia juu ya ubao.

"Mtoto yangu, si unasema tu, 'Mama, kuja tena Ijumaa.' Hiyo ni bure."

Akasubiri. Nilielewa kwamba ananipa nafasi niyaseme hapo hapo, maneno manne tu, ya lugha niliyozaliwa nayo. Nikafungua mdomo, nikaufunga, nikafungua tena. Alimaliza fungu la kwanza la sukuma, akachukua la pili, nami nilikuwa bado nimesimama juani.