Kila Nilipofungua Kitabu cha Ukunga

Mwaka niliokuwa najiendeleza kutoka cheti cha uuguzi kwenda diploma, nilipanga chumba Bondeni, mjini Kyela. Nilikuwa mgeni, nimehamishiwa huku kutoka Singida. Zamu ya asubuhi ikiisha nilikula, nikakaa mezani na kitabu cha ukunga. Baada ya dakika kumi nilijikuta nimesimama, na sikujua nimesimama kufanya nini.

Kwanza nililaumu mashine ya kukoboa mpunga iliyokuwa ng'ambo ya barabara, maana msimu wa mavuno ilinguruma mchana kutwa. Nikaziba masikio kwa pamba. Halafu nikalaumu simu, nikampelekea mama mwenye nyumba, mjane wa Kinyakyusa aliyeuza mchele barazani.

"Nikija kuiomba kabla ya saa kumi na moja, usinipe," nilimwambia.

Aliifunga kwenye pindo la khanga. Mchana ule sikuiomba. Nilifua mapazia. Kesho yake nilichambua maharage ambayo sikuwa na mpango wa kuyapika.

Jumamosi moja nilipanda gari hadi Matema, nikatembea mpaka Lyulilo, nikakaa mchangani kando ya ziwa, mbali na soko la vyungu. Ziwa lilikuwa limetulia. Hakukuwa na mashine wala simu. Nusu saa baadaye nilikuwa nimesimama kati ya wauza vyungu, nachagua chungu kikubwa kisichokaa hata kwenye jiko langu. Nilirudi nacho nimekipakata, karibu nilie.

Mama mwenye nyumba alikipokea. "Ndaga," alishukuru kwa Kinyakyusa, akidhani nimemletea yeye. Sikumkatalia. Nikamweleza kwamba naona kama akili yangu imeharibika.

"Ukiinuka, andika," alisema. "Andika ulikuwa unasoma nini, na umekwenda wapi."

Niliandika siku nne. Jikoni, mlangoni, kwenye ndoo ya maji, mlangoni tena. Lakini upande wa masomo kulikuwa na jambo moja tu: kutokwa damu baada ya kujifungua. Mada nyingine nilikuwa nimezisoma bila kuinuka, wala sikuwa nimegundua.

Miezi michache nyuma, mzazi mmoja kutoka Busale alitufia wodini kwa sababu hiyo hiyo. Sikulia. Kesho yake niliingia zamu kama kawaida, nikadhani limepita. Sasa nilishika ile karatasi nisielewe: mtu anakimbiaje kitu ambacho hakikumuumiza?

Nilimweleza mama mwenye nyumba habari za yule mzazi, nikamwomba akae nami nikisoma. Alileta ungo wake, akawa anachagua mawe kwenye mchele huku nikisoma kwa sauti. Niliinuka mara mbili.

"Kaa, mwanangu," alisema, nami nikakaa.

Baadaye akauliza, "Huyo mzazi alikuwa na watoto wengine?"

"Wawili."

Akarudi kwenye ungo wake. Nikaendelea kusoma mpaka mwisho.

Swali la kutokwa damu lilikuja kwenye mtihani. Nililijibu, na nikafaulu. Siku hizi wanafunzi wanaokuja wodini kwa mafunzo wakiniuliza watuliaje wasome, nawaambia waandike kila wanapoinuka. Wengine inawasaidia. Mimi sijui kama nilifanya vema kujilazimisha vile. Maelezo ya kitabu nayakumbuka neno kwa neno. Uso wa yule mzazi, nikijaribu kuukumbuka, siupati.