Mzee Ramani na Mlango wa Kumi na Nne

Kuna watu wakistaafu hukabidhi kila kitu: kofia, funguo, hata salamu za kikazi. Tarishi huyu alikabidhi baiskeli ya ofisi tu. Mdomo alibaki nao.

Miaka thelathini na moja alibeba mafaili katika ofisi za jiji, idara hadi idara, ghorofa hadi ghorofa. Alijua ofisa gani anataka barua iliyobanwa kwa pini, na yupi ukimpelekea ya gundi anakurudisha nayo. Mtaani wakamwita Mzee Ramani, na jina hilo akalipenda kuliko alilopewa na baba yake. Takataka hazizolewi? Nenda kwa Ramani. Taa ya barabarani imekufa, cheti cha kuzaliwa kina kosa, jirani kajenga ukuta hadi njiani? Ramani huyo kibarazani, kakunja nne, anakutajia ghorofa na namba ya mlango kabla hujamaliza kueleza.

Na kila aliyekuja alipewa wosia uleule. "Usiulize mtu kule! Ukiuliza tu wanajua wewe mgeni, watakuzungusha kama pia. Nenda moja kwa moja kama mwenye nyumba." Ukimkumbusha kwamba kuuliza si ujinga, anakujibu kuwa waliosema hivyo hawakuwahi kufanya kazi jiji. Watu wanacheka, naye anafurahi.

Sasa, mzee huyu ana mdogo wake wa kike, msusi, mwenye saluni ya viti viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Msusi ana binti wa miaka minane asiyesikia, mtoto mchangamfu ambaye mikono haimtulii, wanamwita Kimulimuli. Darasani hajawahi kukanyaga. Anashinda saluni akipanga vibanio kwa rangi, na akitaka kitu anaonyesha kwa mikono, mama yake anabahatisha. Siku wakielewana wanacheka wote wawili. Siku wasipoelewana mtoto anajipigiza ukutani kwa hasira, na mama anaingia nyuma ya pazia kulia. Mwaka huo jiji likatangaza darasa la watoto wasiosikia: nafasi kumi na mbili tu, mwalimu wa lugha ya alama, na basi la kuwafuata nyumbani. Mwisho wa kuandikisha ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri.

"Kaka, nianzie wapi?" msusi aliuliza.

Ramani hakuinua hata macho kwenye gazeti. "Shule ni Elimu. Elimu ni ghorofa ya pili, mlango wa kumi na nne. Kuna sanduku la mbao ukutani. Tumbukiza, ondoka zako."

Bahasha aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa herufi zilizolala, ndani akatia fomu na cheti cha hospitali cha kupimwa masikio. Msusi akaenda, hakumuuliza mtu, akatumbukiza, akarudi roho kwatu.

Wiki mbili zikapita. Jumanne ya ile wiki ya mwisho, Ramani akaitwa ofisi za jiji kwa uhakiki wa wastaafu, ile safari ya kila mwaka ya kwenda kuonyesha kwamba hujafa. Alipokwisha kuthibitishwa kuwa yu hai, akapanda ghorofa ya pili kusalimia watu wake. Mlango wa kumi na nne ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na mafagio, ndoo na viti vilivyovunjika miguu. Msimamizi wa wafagizi, mama mnene mwenye kicheko, alikuwa akinywa chai na wenzake.

"Elimu wako wapi?"

"Elimu? Walihama mwaka jana, mzee. Hapa ni stoo."

"Na wale watoto wasiosikia, wanaandikishwa wapi?"

"Hao hata si wa Elimu. Ni wa Ustawi wa Jamii, jengo la ng'ambo ya barabara. Mzazi anakwenda na mtoto, anapimwa, anaandikwa, basi. Si tangazo lile pale chini, wamelibandika wiki iliyopita?"

Lilikuwepo kweli, kubwa kama shuka. Alikuwa amelipita, kwa sababu Ramani na matangazo wapi na wapi. Na lile sanduku la mbao lilikuwa bado ukutani, limejaa pomoni. Akachungulia kwenye tundu. Kati ya karatasi za watu, na nani ajuaye wangapi alikuwa amewatuma yeye, akaiona bahasha yenye herufi zilizolala. Uso ukamwaka moto. Aliona kama wafagizi wote wanamcheka, kumbe wenyewe walikuwa wanagombania sukari.

Ngojeni niwaambie, hapo hapakuwa na msiba wowote. Siku tatu zilikuwa zimebaki! Mtoto angepelekwa kesho yake, mambo yakaisha, na kaka mtu akataniwa mwezi mmoja. Nani hajakosea duniani?

Alikwenda saluni moja kwa moja, neno amelipanga mdomoni. Kitini alikuwapo mteja kichwa kimesukwa nusu.

"Ndiye huyu kaka yangu niliyekuwa nakuambia!" msusi akamwambia mteja. "Bila yeye ningekuwa bado napanda ngazi na kushuka. Ofisi zote zile zimo kichwani mwake."

"Hongera, mzee," mteja akasema. "Wengine ndugu zetu ni wa kutukopa tu."

Neno likarudi kooni, likakaa huko. "Nimepita tu kuwajulia hali," Ramani akasema. Kimulimuli akamvuta suruali, akamwonyesha mkoba mpya wa shule. Alikuwa ameuvaa kutwa nzima, hata wakati wa kula. Mjomba mtu akaupigapiga ule mkoba, akaaga haraka.

Jumatano alikwenda Ustawi peke yake, kwa kujificha, akiwa na hakika kwamba tarishi mkongwe hashindwi na dirisha. Karani, binti mwenye miwani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Babu, maelezo hayatoshi. Mlete mtoto na mama yake. Dakika ishirini tu. Nafasi bado nne."

Dakika ishirini! Alhamisi, badala ya kumleta mtoto, alikwenda kumbembeleza yule msimamizi wa wafagizi, wakalifungua sanduku kwa bisibisi, akaitoa bahasha. Ijumaa saa nne asubuhi yuko tena dirishani, kaishika kwa mikono miwili, kana kwamba karatasi itaota masikio ya kupimwa.

"Babu, wewe tena? Mtoto yuko wapi? Leo ndiyo mwisho, na nafasi zimebaki mbili."

Akatoka nje, akapiga simu.

"Kaka! Kwema?" Nyuma ya sauti ya msusi mashine ya kukausha nywele ilikuwa inavuma.

"Kwema," akasema. "Nilitaka kukusalimia tu."

"Ahsante, kaka. Na orodha ya waliopata wanabandika lini?"

"Jumatatu."

"Haya. Mungu akubariki, kaka yangu."

Akakata simu. Saa nne na nusu, jamani, na kutoka saluni hadi pale ni mwendo wa nusu saa! Mtu mzima, mvi kichwa kizima, akakaa kwenye benchi la nje akiwatazama wazazi wakiingia na watoto wao. Kila dakika alijiambia atapiga sasa. Kila dakika alijiona jinsi atakavyoonekana, Ramani aliyepotea, akaitia simu mfukoni. Alijichukia mpaka mate yakawa machungu. Saa tisa karani akaja kufunga mlango, akamsalimia kwa adabu, na salamu ile ikamuumiza kuliko tusi.

Jumatatu alijilaza akidai ana mafua. Wiki nzima hakuonekana kibarazani, na waliokuja kumuuliza habari za maji na mitaro mkewe aliwaambia mzee hajisikii vizuri.

Jumapili msusi akaja na mtoto, kama kawaida yao kula pamoja. Binti wa Ramani na mumewe walikuwapo. Sahani hazijatulia mezani, mke wa Ramani akauliza, "Wifi, shule ya Kimulimuli imekuwaje?"

Ramani akaacha kutafuna.

"Amekosa," msusi akasema. "Nilichelewa mwenyewe."

"Ulichelewa?" Mke wa Ramani akaweka kijiko chini. "Wewe wifi, mbona mzembe hivyo? Kaka yako kakuwekea kila kitu kiganjani! Kazi kusuka vichwa vya watu, cha mwanao je?"

Binti na mkwe wakaangalia sahani zao. Msusi alimkatia mtoto nyama vipande vidogo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na hapo Ramani akaelewa kwamba mdogo wake anamwosha mbele za watu, naye amelala tu kama maiti kweli.

"Hakuchelewa," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Hakuchelewa. Mimi nilimtuma siko, nikajua Jumanne, nikanyamaza. Niliona haya. Ijumaa nzima nilikuwa pale mlangoni pa Ustawi."

Ramani akangoja kutukanwa, na kwa kweli alikuwa anatamani kutukanwa.

"Najua, kaka," msusi akasema. "Jumatatu nilipofuata orodha nikaelekezwa Ustawi, karani akaniambia kuna babu alikuja mara mbili, mara ya pili na bahasha." Alikuwa hamtazami. "Kukosea si kitu. Lakini ulinipigia simu, kaka. Ungesema tu, ningemwacha mteja na kichwa nusu nikaja mbio. Sasa ni mpaka mwakani, Mungu akipenda."

Akaondoka mezani kwenda kunawa, na hakuna aliyemfuata.

Kimulimuli alibaki akiwaangalia nyuso mmoja mmoja, akitafuta nani kakasirika na kwa nini. Ramani akashuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele yake. Alitaka kumwomba radhi. Akajigusa kifua, akakutanisha viganja, akainamisha kichwa, akajigusa kifua tena. Ishara ya neno hilo ipo, ila hufundishwa kule darasani. Mtoto akamtazama kwa makini, akadhani ni mchezo, akajigusa kifua naye, akakutanisha viganja vyake vidogo, akainamisha kichwa, kisha akacheka na kumwashiria mjomba arudie.