Sakafu ya Bi Asha Juu ya Boila

Siku yangu ya kwanza ya kuvisha maboila, miaka ya tisini, niliingia chini ya jengo moja la ghorofa nne huko Tottenham, London, nikadhani nimekosea mlango. Joto lilinipiga usoni kama la tanuri la mikate. Boila lenyewe, la kupasha jengo zima joto, lilikuwa la mvuke, la chuma kikuukuu, kubwa kuliko chumba nilichopanga. Ganda lake la zamani, la asbesto, lilikuwa limekwisha kuondolewa na watu wenye mavazi maalumu, na sisi tukaletwa kulivisha upya ili joto lisipotee.

Kazi ilikuwa hivi. Lilizimwa, likapoa. Tukalizungushia vipande vya pamba ya mawe, ambayo ni jiwe lililoyeyushwa likavutwa nyuzi, tukafunga kwa waya wa matundu, kisha tukapaka plasta mara mbili. Sikusoma sana, na nilikuwa nachanganya cha kufunika na cha kuacha. Nilikaribia kufunika vali ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi. Msimamizi wetu, Mwingereza wa makamo, akanishika mkono.

"Hiyo ukiifunika, Hamadi, kesho jengo hili tutalitafuta mtaa wa pili."

Tulipomaliza, boila likawashwa. Msimamizi akaweka kiganja juu ya plasta: vuguvugu tu. Akanipa mkono. Nilijiona fundi.

Wiki ya pili nikaitwa nyumba ya chini, iliyo juu ya boila hasa. Humo alikaa Bi Asha, mtu mzima wa Unguja, peke yake.

"Ndiwe uliyenizimia moto wangu?"

"Sikuzima kitu, Bi Asha. Nimelivisha boila tu."

"Basi vua viatu, mwanangu, ukanyage."

Nikakanyaga. Sakafu baridi kama ya msikiti alfajiri. Kumbe miaka yote joto lililopotea kutoka kwenye boila lilikuwa likipanda kwake. Radieta yake, lile bomba la ukutani linalopashwa na mvuke wa boila, ilikufa zamani, na hakulalamika kwa sababu hakuihitaji. Alisali pale chini, na joto lile ndilo lililomlainishia magoti akaweza kusujudu.

Nilishuka nimechanganyikiwa. Nikabandua vipande viwili juu ya boila bila kumwambia mtu. Asubuhi msimamizi akaviona.

"Nani?"

"Mimi." Nikamweleza yote. Lazima niseme kweli, hakunifokea.

"Radieta nitaiandikia ofisi ya jengo leo. Wewe panda ghorofa ya nne, gonga mlango wowote, halafu uamue mwenyewe."

Alinifungulia Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, mtoto mgongoni, wengine wawili nyuma yake.

"Papa, ni wewe wa boila? Mungu akubariki! Sasa watoto banalala bila makoti, bila kikohozi. Mwaka jana tulilala na kofia, tukacheka sisi wenyewe."

Nikagusa radieta yake. Ya moto. Mvuke ambao zamani uliishia chini sasa ulifika juu. Nilisimama pale ngazini nikipima magoti ya mzee mmoja na vifua vya watoto watatu. Nikashuka nikavirudisha vile vipande, nikapaka plasta. Mpaka leo sijui kama niliamua au nilifuata tu.

Radieta ya Bi Asha ilikuja kutengenezwa miti imeshachipua, baridi inakaribia kwisha. Nikaenda kumwangalia. Nyumba ilikuwa na joto la kutosha, hilo siwezi kukataa. Nilimkuta anasali juu ya kiti. Alipotoa salamu akanitazama.

"Moto upo, alhamdulillahi. Ila umehamia ukutani, na magoti yangu yako chini."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Baadaye nilivisha maboila Hayes na kwingineko London, nikapanda hadi msimamizi, na sasa nimestaafu, nakaa Thornton Heath. Nyinyi vijana mkiniuliza, nitawaambia boila lisilovishwa ni uharibifu, na jengo lile tulilifanyia kazi nzuri. Lakini kila nilipopewa jengo jipya, nilikwenda kwanza nyumba iliyo juu ya boila, nikaomba ruhusa, nikavua viatu, nikakanyaga sakafu. Wenyeji walinishangaa. Na hata nilipoikuta ina joto, nilishuka nikavisha vilevile.