Kikapu cha Mgeni wa Pongwe

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia nainamisha kichwa. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana wa miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wageni waliokuja kwetu Tongoni kutoka mjini Tanga. Nilikuwa nikiwaonyesha gofu la msikiti, kisha makaburi ya kale yenye nguzo ndefu za mawe, halafu tunashuka pwani kupitia mikokoni.

Siku hizo bakuli moja la kaure, lililopachikwa tangu zamani kwenye nguzo ya kaburi, lilikuwa limetoweka. Basi kila mgeni nikawa namtazama kwa jicho baya.

Kulikuwa na mtu mzima mmoja, Petro, manamba, kibarua wa shamba la mkonge huko Pongwe. Alikuja mara tatu. Kila mara alibaki nyuma ya wenzake, na kila mara alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Nilipomuuliza ana nini humo, alijibu, "Vitu vyangu tu." Nikajua mwizi ndiye huyu. Tena niseme kweli, ule msalaba shingoni mwake ulinizidishia wasiwasi. Mkristo huyu anatafuta nini makaburini kwetu?

Mara ya tatu alipopotelea nyuma ya ukuta wa gofu, nilipiga ukelele wa mwizi. Wanaume wakaja mbio na fimbo. Tulimkuta amepiga magoti kando ya kaburi. Nikampokonya kikapu, nikakimwaga: jembe dogo, ufagio, na chupa ya marashi.

Shangazi yangu, Bi Mwanaidi, akafika anahema.

"Mwacheni! Huyu mtoto wa Mwanahamisi, yule aliyeolewa na Mkristo wa Muheza, akarudi kufia hapa. Mimi ndiye niliyemwonyesha kaburi la mama yake." Akanigeukia. "Mara tatu amekuja, hata shikamoo hukumpa. Ungemuuliza mama yake nani, angekuficha?"

"Na bakuli, shangazi?"

"Lilidondoka kwa mvua. Ninalo chumbani. Kwani uliniuliza?"

Petro aliokota vitu vyake, akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata nilipanda baiskeli hadi Pongwe. Nilimkuta mlangoni kwake, nikampa shikamoo, nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila kule sirudi. Nitaogopa kugeuza mgongo. Kaburi la mama nisafishie wewe."

Nimelisafisha miaka yote mpaka nguvu ziliponiishia. Yeye hakuja tena.

Mwanangu, sikukatazi kulinda kilicho chako. Lakini mtu ukimtilia shaka, msalimu kwanza. Muulize kwao na shida yake, umsikilize mpaka amalize, kabla hujamwita jina ambalo huwezi kulifuta. Mimi nilisamehewa, ila yule bwana nilimfukuza kwenye kaburi la mama yake, na hilo sijaweza kulirekebisha. Mungu akupe subira ya kuuliza, akuepushe na kumdhulumu mtu, na popote uendako ugenini akujaalie wa kukupokea kwa wema. Amina.