Mkono wa Koti Uliobaki Uganda

Mwaka ule rais wa Uganda alipodai kwamba nchi yetu hadi karibu na Naivasha ni yake, Nairobi nzima iligeuka jeshi. Mimi, niliyeacha shule darasa la tatu na bado nikafungua bucha ya nyama choma Soko la Burma nikiwa kijana mbichi, sikungoja serikali inifundishe uzalendo. Ijumaa moja nilisimama mlangoni na kisu changu nikatangaza: "Mganda hali nyama yangu tena!"

Wateja wakashangilia. Mganda tuliyemjua alikuwa mmoja tu, fundi wa cherehani wa kibanda cha pili, mtu wa mbavu kila Ijumaa. Alinitazama, akarudi kwenye cherehani yake.

Sasa, katika kulinda taifa, nilisahau kwamba suti yangu ya harusi iko kwake, na harusi ni kesho.

Mchana nikaifuata. Suti ya kijivu, ya kutisha kwa uzuri, ila mkono wa kushoto umeshikizwa tu kwa ule uzi mweupe wa kujaribia.

"Fundi, hii haijaisha."

"Mkono huo uko upande wetu, sebo," akaniita bwana kwa Kiganda. "Na mpaka si umeufunga wewe?"

"Usicheze na usalama wa nchi!"

"Basi vaa hivyo hivyo. Ila kanisani usipungie watu mkono."

Nikazunguka kwa mafundi wengine, wazalendo wenzangu. Wote wakakataa: koti aliloanza mwenzao hawaligusi, hata mwenzao awe adui wa taifa.

Ikabidi diplomasia. Nikamtumia ujumbe kwamba naweza kumruhusu ale kule nyuma, asionekane. Akajibu kwamba nyama imfuate kibandani, na niibebe mimi mwenyewe.

Nikaibeba. Mbavu nzima juu ya ubao, nikiwa na aproni yangu ya damu, nikipita katikati ya soko. Wateja walewale wakashangilia tena. Watu hao wangeshangilia hata jiko likizimika.

Fundi akatafuna polepole, macho juu.

"Chumvi iko wapi?"

Nikarudi bucha kuchukua chumvi. Ndipo akatunga uzi wa kijivu kwenye sindano.

Kesho yake nilipungia kila mtu, kwa mkono wa kushoto. Wakubwa walibaki redioni wakitukanana kuhusu mpaka. Wa kwangu nilikuwa nimeshaufungua, na suti ilinikaa vizuri kuliko zao.