Jukwaa Lililozama

Tulihamia kijiji kile cha ujamaa wakati wa kiangazi. Tuliacha nyumba zetu za tembe upande wa Ilongero, kwenye ardhi ngumu ambayo ukiigonga kwa jembe inalia. Huku tulikopelekwa, kwenye tambarare ya kule Sepuka, palikuwa na mchanga. Juu ulikuwa umekauka, ukatudanganya kuwa ni sakafu. Hakuna kati yetu aliyepachagua. Tuliambiwa ni hapa, tukashusha mizigo.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwashi, na uashi nilijifunza kwake. Shule ilipoanza kujengwa, kuta zikawa zetu. Wanawake walileta maji, wanaume walichoma matofali, na mwenyekiti wa kijiji alipita kila asubuhi kutuhimiza.

Ukuta ulipotupita kimo, tulifunga jukwaa: mirunda ya miti tuliyokata porini, kamba za katani, na mbao za kukanyagia. Mirunda tuliichimbia kina kilekile cha kwetu, cha kufika kwenye kiwiko. Kule kwetu kilitosha.

Mvua ya kwanza ilikuja mapema. Siku iliyofuata jua lilitoka, juu pakakauka, kaka akapanda. Mimi nilikuwa chini nachanganya udongo. Alikuwa amepandishiwa lundo la matofali, akasogea pembeni ili aanze kujenga, na mrunda wa pembeni ukashuka. Haukuvunjika wala haukulia. Ulishuka tu, kama mtu anayekaa. Kaka akanitazama. Sikuona hofu usoni mwake. Alikuwa kama mtu anayetaka kuniuliza jambo. Halafu mbao zikainama, akaanguka, na matofali yakamfuata.

Lori lilimpeleka hospitali Singida mjini. Aliporudishwa, miguu yake haikuwa na kazi tena.

Tulimlaza kwenye kitanda cha mbao nyumbani kwake. Mchana mmoja nilimkuta ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Upande wa kichwani unazama," aliniambia.

Niliinama kutazama. Sakafu ilikuwa ya udongo uliopigwa vizuri, na kitanda kilikuwa kimesimama sawasawa.

"Hakizami, kaka."

"Nakwambia kinazama."

Mkewe aliniita nje. "Shemeji, usibishane naye. Anashika kitanda hivyo tangu arudi. Fanya anachotaka."

Nilikwenda miambani nikachagua mawe bapa. Nililaza jiwe chini ya kila mguu wa kitanda, na juu ya mawe nikapitisha kipande cha ubao kutoka mguu hadi mguu. Kaka alinisikiliza nikigonga. Nilipomaliza alifumba macho, akalala mpaka jioni.

Siku chache baadaye mwenyekiti alikuja kutuambia ukuta umaliziwe. Watu walikuwa hawataki kulikaribia jukwaa, na sikuwalaumu. Hata mimi nilikuwa nikipita mbali na lile shimo mrunda ulipozama. Kaka akiwa kitandani akasema, "Mwacheni mdogo wangu. Atapanda, lakini afanye kama nitakavyomwambia."

Akaniambia nichimbe nipite mchanga mpaka nikutane na udongo mgumu. Nikiukosa, nisichimbie mrunda kabisa. Nishindilie mchanga, nilaze mawe bapa, juu yake mbao pana zinazobeba mirunda miwili mitatu kwa pamoja, ili uzito usikae sehemu moja. Nifunge miti ya kulala chini karibu na ardhi, na mingine ya mshazari, mrunda mmoja usiweze kushuka peke yake. Maji ya mvua niyachimbie mfereji yaende mbali. Na mvua ikinyesha, nisipande kabla ya kukagua kila mguu.

"Matofali machache machache," aliongeza. "Usiyarundike pembeni."

Nilichimba, udongo mgumu sikuuona. Nikashindilia. Siku ya kupanda, watu walisimama mbali. Nilipanda polepole, nikajenga safu moja, nikashuka.

Jioni nilikwenda kwa kaka.

"Ulisikia chochote?" aliuliza.

"Sikusikia kitu."

"Hata mimi siku ile sikusikia kitu," akasema.

Tangu hapo sikupanda tena kwa moyo mtulivu. Ukuta ulikwisha, mabati yakapigwa, watoto wakaingia darasani. Jukwaa halikusogea hata kidogo. Lakini kila nilipokuwa juu nilikuwa nasubiri, na mara nyingine, nikigeuka ghafla, nilimwona kaka amesimama chini mahali pangu, ananitazama kwa uso uleule.

Alifariki wakati wa kuvuna uwele.

Miaka ikapita, masharti ya kukaa kijijini yakalegea, watu wakaanza kurudi kwenye mashamba yao ya zamani. Mimi nilikuwa natafuta kazi za uashi Manyoni. Nilirudi kumchukua shemeji yangu nimpeleke Ilongero kwa ndugu zake. Nilipofika mlangoni nilimsikia akiongea ndani, sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Nikadhani ana mgeni. Nikapiga hodi. Alikuwa peke yake, anapepeta mtama.

Nilimweleza nilichojia. Alitikisa kichwa.

"Nenda wewe, shemeji. Mimi nikiondoka, nani atamwambia kaka yako kwamba chini ni pagumu?"

Nilikaa, akanipakulia ugali na mlenda, tukala. Sikumuuliza tena.