Lengelenge Chini ya Pedi

Mama mkwe wangu wanamwita Mama Gundi, naye huitika. Kazi yake ni mbao za mawimbi, zile ndefu na nyepesi ambazo watu husimama juu yake baharini. Kuzitengeneza ilikuwa kazi ya marehemu mume wake. Yeye hubadilisha pedi tu, ule mkeka wa sponji unaobandikwa mkiani mwa ubao ili mguu wa nyuma usiteleze. Ukichakaa hunyanyuka pembeni kama soli ya kiatu cha shule, na hapo ndipo ubao unaletwa kwake.

Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: dirisha, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, na harufu ya spiriti isiyotoka hata ukideki. Mwanangu hulala kwenye kapu la nguo pale mlangoni penye hewa.

Kazi yenyewe nimeitazama mpaka naijua. Mama anaipuliza pedi ya zamani kwa draya ya nywele ili gundi ilainike. Anachokonoa pembe kwa kipande cha plastiki, anavuta polepole, anapuliza tena, anavuta. Gundi iliyobaki anaisugua kwa kidole gumba mpaka inajiviringa kama nongo. Halafu msasa laini, spiriti, kitambaa kikavu. Ndipo anabandika pedi mpya, anailaza chini ya mifuko ya mchanga na kuiacha ishike.

Shida ni moto. Ukizidi, fibaglasi ya juu inaachana na povu la ndani, na ubao unatuna lengelenge. Kwa hiyo kila akishapuliza, mama hugeuza mkono akagusisha ubao kwa upande wa ndani wa kifundo, vile ninavyopima uji wa mtoto. Hata uji huo ni yeye aliyenifundisha kuupima.

Nilikuwa nimeshaona mambo madogo madogo. Vikombe vinamponyoka. Vifungo vya gauni anavifunga kwa kuvitazama, si kwa kupapasa. Siku moja alishika sufuria ya moto bila kitambaa, akasimama nayo ananisimulia habari za jirani mpaka mimi ndiye niliyepiga kelele.

"Hii mikono ya kazi," akaniambia, "siyo kama yako ya kupakatia watoto."

Akacheka. Nikacheka naye, ningefanyaje.

Basi mwalimu wa kuogelea akaleta ubao wake. Ndio wa mwisho kutengenezwa na marehemu, na mama huwa anaupapasa kwanza kabla ya kuulaza mezani. Alipoanza kupuliza, mwanangu akalia.

"Mume wangu, subiri!" mama akamwambia mjukuu wake. "Mke wako yuko kazini, ukitaka kula vizuri vumilia."

Nikampakata mtoto nikamnyonyesha. Mama akapima kwa kifundo, akatikisa kichwa, akapuliza. Akapima tena, akapuliza tena. Mimi pale nilipokaa nilishaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Halafu akavuta pedi, ikaja yote kwa mkupuo mmoja, na mkono wake ukabaki hewani.

Ubao ulikuwa umetuna, lengelenge kubwa kama kiganja cha mtoto. Akalibonyeza. Likaingia, likarudi. Akaniangalia. Nikainamisha macho kwa mwanangu kana kwamba sikuwahi kumwona akinyonya.

"Mtoto kalala?"

"Kalala, mama."

"Basi mpeleke ndani, spiriti itamdhuru."

Siku zote hulala palepale na spiriti yake. Nikaelewa kwamba anayepelekwa ndani ni mimi. Niliporudi, pedi mpya ilikuwa imeshabandikwa palepale juu ya lengelenge, na mifuko ya mchanga imepangwa mingi kuliko kawaida. Chakula hakukigusa. Alisema kina chumvi, na mpishi alikuwa yeye mwenyewe.

Mwalimu alipokuja kuuchukua, aliuinua ubao akauzungusha kwenye mwanga.

"Mama Gundi! Pedi imekaa kama ubao umezaliwa nayo."

Kwa kawaida angemjibu, "Na wewe ungezaliwa na akili, usingeukwaruza kwenye mawe." Siku hiyo alikuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi.

"Mzee angeiona hii angefurahi," mwalimu akasema. "Kesho nawapandisha juu yake wale watoto wanaojifunza."

Akaubeba begani akatoka. Mama akaendelea kufuta.

"Uliona," akasema bila kugeuka.

"Niliona, mama."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka kukusitiri."

"Maji yataingia mle, ubao ulainike, umkatikie mtoto wa watu miguuni. Huyo naye utamsitiri kwa kanga gani?"

Hakungoja jibu. Alitoka peku, aproni kiunoni, anaita, "Mwalimu! Mwalimu we!" Alimkuta mbele ya kinyozi, penye benchi ambalo halikosi watu. Mimi nilimfuata na mtoto kiunoni.

Aliushusha ubao begani mwake akaulaza palepale kibarazani, akaanza kuibandua pedi kwa kucha, bila draya. Gundi yake ilikuwa nzuri, ndiyo iliyomtesa. Pedi ilikatika vipande vipande.

"Mama Gundi leo anabandua alichobandika!" kinyozi akasema, na benchi zima likacheka.

"Nyoa kichwa hicho, mwenyewe asije akazeeka kitini."

Lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na kicheko kikafa chenyewe. Nikaona damu kwenye ubao mweupe. Ukucha ulikuwa umevunjika katikati, naye anaendelea kuvuta.

Mwalimu akachuchumaa akalibonyeza lengelenge.

"Ni ubao tu umezeeka, mama," akasema kwa upole.

Upole ule ndio uliomwinamisha mama kichwa.

"Usinidanganye, mwanangu. Ubao hauna kosa. Ni mkono. Mkono wangu hausikii moto." Alisema mbele ya benchi lote. "Peleka kwa yule fundi wa ng'ambo. Mimi lengelenge siliwezi."

Yule fundi wa ng'ambo, mshindani wake wa kazi, kabla ya hapo hakuwahi kutajwa nyumbani kwetu ila kwa kusonywa.

Tulirudi yeye mbele, mimi nyuma. Nilimwosha kidole kwenye beseni, naye anaangalia ukutani.

"Kinauma, mama?"

"Hakiumi." Halafu, "Ndiyo shida yenyewe."

Asubuhi kulikuwa na ubao mwingine mezani, wa kijana mmoja mteja wetu, pedi imechanika. Mama aliuzunguka, akaishika draya, akaiweka. Akaenda akafunga mlango wa mbele, ule ambao huwa wazi mchana kutwa ili wapita njia wamwone akifanya kazi.

"Mtoto kalala?"

"Kalala, mama."

"Lete mkono."

Akapuliza, akazima. Akanishika mkono bila kuniangalia, akaugeuza, akaugusisha kwenye ubao kama anayepiga muhuri.

"Sema."

"Bado, mama."

Akapuliza tena. Nje mtu akapita akabisha hodi, tukanyamaza wote wawili mpaka akaondoka.